Kufundisha kompyuta katika sekondari ya wasichana: mwongozo kamili, kuanzia soketi hadi mtihani wa vitendo

Kabla ya kununua chochote, chukua karatasi upige hesabu. Darasa lina wasichana 45, chumba kina kompyuta 15, na ratiba inatoa kipindi pacha cha dakika 80 kwa wiki. Toa dakika 10 za kuingia na kuwasha, 10 za maelezo ya mwalimu, 5 za kuhifadhi kazi na kuzima. Zimebaki 55. Kila kompyuta ina wasichana watatu, kwa hiyo kila mmoja anapata dakika 18 za kushika kipanya na kibodi. Muhula wenye wiki 15 za masomo unampa saa nne na nusu tu. Kompyuta nne zikifa, wanabanana wannewanne na kila mmoja hafikishi hata dakika 14.

Dakika hizo ndizo somo lenyewe. Kompyuta haijifunzwi kwa kutazama, kama ambavyo chapati haijifunzwi kwa kumtazama mama akisukuma. Mpangilio wa meza, matengenezo, ratiba na zamu vyote vipimwe kwa swali moja: vinaongeza au vinapunguza dakika za vidole?

Na zina kazi ya kufanya. Msichana anayemaliza Kidato cha Nne nchini Tanzania hubadilisha tahasusi zake, yaani michanganyiko ya masomo ya Kidato cha Tano, kwenye mtandao. Akifika chuo anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo kwenye mtandao. Akitafuta kazi serikalini anapitia Ajira Portal. Asipojua, analipa kijana wa steshenari amjazie, na nywila yake inabaki kwa mtu asiyemfahamu.

Chumba na umeme

Panga meza kando ya kuta tatu, umbo la herufi U, skrini zote zikitazama katikati. Mwalimu akisimama katikati na kugeuka, anaona kila skrini bila kupita nyuma ya mtu. Mpango wa safu kama darasa la kawaida una kasoro mbili: mwalimu anaona migongo ya mashine tu, na waya hukatiza njia ambako miguu na sketi ndefu huzikwaa. Ukutani waya hukaa nyuma ya meza, zimefungwa kwa klipu, hazigusi sakafu inayopigwa deki.

Meza iwe na kimo cha sentimita 70 hadi 75, na kila kompyuta ipewe upana wa mita moja ili wasichana watatu wakae bila kusukumana. Tumia viti vyepesi au stuli. Benchi ni la bei nafuu, lakini zamu ikibadilika wote watatu inabidi wainuke.

Umeme unahitaji hesabu kabla ya kumwita fundi. Kompyuta ya mezani ya zamani na monita yake inakula wati 120 hivi. Kumi na tano ni wati 1,800, sawa na ampea 8 kwenye volti 230. Ekstensheni moja nzuri ya ampea 13 inabeba mzigo huo kwa karatasi, lakini usifanye hivyo: gawanya mashine kwenye soketi za ukutani tano tano, na kamwe usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Kiungo kati ya hizo mbili ndicho hupata moto, na huwa kimejificha nyuma ya meza. Printa ya leza ipewe soketi yake, mbali na UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika), maana inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kuilemea UPS.

Mwambie fundi apime asi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Dalili ya asi mbovu ni ndogo lakini haidanganyi: msichana akigusa kasha la chuma la kompyuta anahisi mtetemo au kupigwa kidogo kwenye ngozi. Hapo zima chumba kizima siku hiyo hiyo.

Umeme ukikatika, wafundishe wote kuzima swichi ya soketi mara moja. Uharibifu mwingi hutokea unaporudi, kwa kuwa mara nyingi hurudi kwa kishindo, unapanda na kushuka kabla ya kutulia. Subirini dakika tano, kisha washeni mashine tano kwa wakati.

Bili ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, nayo ipigiwe hesabu mapema, kwa sababu vyumba vingi hufungwa kwa kukosa uniti wakati kompyuta ni nzima. Mashine 15 za wati 120 kwa saa 6 ni uniti (kilowati-saa) 10.8 kwa siku, 54 kwa wiki ya siku tano. Kompyuta mpakato 15 za wati 40 ni uniti 3.6 kwa siku, 18 kwa wiki. Mkuu wa shule anapopewa nafasi ya kuchagua msaada, aonyeshwe hesabu hii. Shule isiyo na gridi ichukue mpakato bila kufikiri mara mbili: kwa matumizi ya saa 4 kwa siku zinahitaji uniti 2.4, ambazo paneli za sola zenye jumla ya wati 700 na betri ya lithiamu ya uniti 3 zinaweza kumudu penye jua la saa tano.

Vumbi ni adui wa pili. Weka wavu mwembamba madirishani, pigeni deki kwa kitambaa kibichi kabla ya kipindi cha kwanza, wala msifagie kwa ufagio mkavu humo ndani. Viatu vibaki mlangoni.

Kuziweka mashine hai

Kompyuta za msaada huja zikiwa na umri wa miaka minane, kumi. Mfumo endeshi wa Windows 10 uliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi kati ya mashine hizi hazikubali Windows 11. Zisitupwe. Weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, pamoja na LibreOffice kwa kuandika na majedwali. Msichana aliyejifunza LibreOffice akikutana na Word anahitaji nusu saa kuzoea, kwa sababu kilichojengeka kichwani mwake ni mpangilio wa kazi na si mahali pa kitufe.

Kama kuna fedha kidogo, zipeleke sehemu mbili: badili hadidiski ya kuzunguka uweke SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 120 au 240, na fikisha ram, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, GB 8. Mashine iliyokuwa ikichukua dakika nne kuwaka itawaka chini ya dakika moja. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo uone umeokoa dakika ngapi kwa darasa zima.

Haya ndiyo matatizo mnayoweza kuyatibu wenyewe:

- Mashine inapiga milio, skrini nyeusi. Mara nyingi ni ram. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke, toa kipande cha ram, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha hadi vibanio vyake vilie "tak".
- Saa inarudi nyuma miaka mingi kila ikizimwa, na kivinjari kinasema kila tovuti si salama. Betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi imekwisha. Badilisha, kisha weka tarehe sahihi.
- Inazima yenyewe baada ya dakika 20. Joto. Ipeleke nje, ipulize vumbi, huku ukizuia feni kwa kidole isizunguke.
- Mafaili kwenye flashi yamegeuka njia za mkato. Ni kirusi, na mafaili halisi yamefichwa tu, hayajapotea. Usibofye kitu. Ifungue kwenye mashine ya Linux, nakili mafaili halisi, kisha fomati flashi. Sheria ya chumba: kila flashi inapita kwanza kwenye mashine ya mwalimu.

Piga namba kila kompyuta kwa rangi, pamoja na kipanya na kibodi chake. Mlangoni liwepo daftari moja: tarehe, namba ya mashine, tatizo, aliyelitengeneza. Chagua wasichana wanne wa Kidato cha Tatu wawe mafundi wa chumba kwa muhula mmoja, kisha wengine wanne. Wao ndio wafungue kasha, wasugue ram, wabadilishe betri, mwalimu akiwa pembeni. Msichana aliyewahi kuifungua mashine na kuirudisha ikawaka haiogopi tena, na wenzake wanaomtazama wanaacha kuamini kwamba kazi ya bisibisi ni ya kaka zao.

Akaunti za wanafunzi zisiwe na ruhusa ya kusakinisha programu. Nywila ya msimamizi waijue watu wawili, na nakala moja ikae kwenye bahasha iliyofungwa ofisini kwa mkuu wa shule. Mwalimu wa kompyuta akihama nayo kichwani, chumba kizima kinakwama.

Hakuna bando? Bado mnafundisha

Intaneti isiwe sababu ya kuahirisha. Kiwix inafungua Wikipedia ya Kiswahili yote kutoka kwenye flashi ya GB 8. Kolibri inaweka video na mazoezi ya hisabati na sayansi kwenye kompyuta moja, na nyingine zikavuta kupitia ruta isiyo na laini ndani yake. Scratch ya kusakinisha inafundisha kuprogramu kwa kupanga matofali, na Kiswahili kimo kwenye orodha yake ya lugha. Mtu mmoja apakue vyote hivi mjini, mara moja kwa mwaka.

Vipindi vinne vya kwanza

Darasani watakuwepo wawili watatu wenye kompyuta nyumbani. Usipowapangia, watashika kipanya muhula mzima, na wenzao watasema "we fanya tu, sisi tunaona". Hili hutokea hata pasipo na mvulana hata mmoja. Kwa hiyo gawa kazi: mmoja anashika, wa pili anasoma maelekezo kwa sauti, wa tatu anakagua na kuandika makosa. Kengele ndogo inalia kila dakika 9, wanahama kiti. Asiyeshika haruhusiwi kugusa, anaeleza kwa mdomo. Mwalimu naye afuate sheria hiyo: mikono nyuma. Ukimnyang'anya kipanya umwonyeshe, kazi imekamilika lakini hajajifunza.

Kwa mazoezi ya kuchapa, geuza mpango. Gawa darasa makundi matatu ya watu 15. Kundi moja linakaa kila mtu na mashine yake kwa dakika 18, mawili yanafanya kazi ya karatasi. Dakika ni zile zile, ila kuchapa hakuhitaji mwenza. Jedwali la hesabu linahitaji, kwa sababu kubishana juu ya fomula kunafundisha.

Kipindi cha kwanza ni cha kipanya. Kubofya mara mbili ndiko kunakowashinda wengi, na ukitazama mkono utaona sababu: kifundo kinaelea hewani, kidole kinapopiga mara ya pili kipanya kimeshasogea, na kompyuta inadhani anataka kuburuta. Kifundo kilale mezani, kipanya kishikwe kwa gumba na kidole cha pete, kidole cha shahada kipige "ti-ti" bila kuinuka juu. Anayeshindwa kabisa abofye mara moja kisha abonyeze Enter. Kazi itaendelea, na mkono utazoea wenyewe.

Kipindi cha pili, kibodi. Makosa ni yale yale kila mwaka: kukandamiza kitufe hadi "aaaaaa" zijae, kuacha Caps Lock ikiwaka, kubonyeza Enter mwisho wa kila mstari kama taipureta, na kupeleka kichwa cha habari katikati kwa kugonga nafasi mara thelathini. Hilo la mwisho likemee mapema, maana ukibadili saizi ya herufi kila kitu kinahama.

Kuchapa kwa vidole kumi kuanze siku hiyo hiyo, dakika 10 kila kipindi. Programu nyingi za kuchapa zina maneno ya Kiingereza, lakini mstari wa kati wa kibodi unatoa Kiswahili kizuri tu. Vidole vinane vikae juu ya A S D F na J K L na nukta mkato. Vidole vya shahada vipapase vinundu vya F na J. Andika ubaoni:

kaka kala dagaa
dada hajala
kaka hajalala
sasa dada saka jalada
hasa ladha hasa fadhaa

Hakuna herufi hata moja inayotoka nje ya mstari huo. Utagundua pia kwamba "a", herufi inayojirudia kuliko zote katika Kiswahili, imekaa chini ya kidole kidogo cha kushoto, ambacho ndicho dhaifu. Anayechapa Kiswahili anahitaji kukizoesha zaidi kuliko vitabu vya Kiingereza vinavyosema, na kitauma wiki mbili za kwanza. Wiki ya tatu ongeza mstari wa juu: wali, popote, kutoroka. Alama ya ng' ifundishwe kwa "ng'ombe", iko kulia kwa nukta mkato.

Chora kibodi ya ukubwa halisi kwenye karatasi, toa nakala 45. Wakafanye mazoezi bwenini au wakati wa prepu, macho yamefumbwa, bila umeme. Hizi ni dakika za vidole zisizokula LUKU.

Kipindi cha tatu na cha nne ni mafaili. Usitafute maelezo marefu: folda ni jalada la ofisini, faili ni karatasi iliyomo. Kila msichana afungue folda ya jina lake, na kila faili liitwe kwa jina, kidato na tarehe, mfano neema_k2_barua_2026-02-14. Wasipofundishwa hivi, wiki ya sita mtakuwa na mafaili arobaini ya "Untitled 1" na machozi. Fundisha Ctrl+S, yaani kuhifadhi, kila aya, na umeme ukikatika kwa bahati katikati ya kipindi, tumia tukio hilo kuwakumbusha.

Zima usahihishaji wa maneno wa Kiingereza kabla hawajaingia. Mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili inamwambia mtoto kwamba amekosea lugha yake mwenyewe. LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili, iwekeni.

Jedwali la hesabu, mahali pa kukaa muda mrefu

Hapa ndipo kompyuta inaacha kuwa taipureta, kwa hiyo lipe wiki tano. Chukua bajeti ya mahafali. Safu A ni kitu, B idadi, C bei, D jumla. Mchele: 40 na 2500. Kwenye seli D2, yaani kisanduku cha safu D mstari wa 2, waandike =B2*C2, ije 100000, kisha wavute kona hadi chini.

Kosa la kwanza ni kuandika "kilo 40" au "sh 2500" ndani ya seli. Kompyuta inaliona kuwa neno, na fomula inatoa kosa. Wafundishe kutazama upande: namba hukaa kulia mwa seli, maneno kushoto. Ukiona 40 imeegemea kushoto, kuna nafasi au herufi imejificha. Kipimo kiandikwe kwenye kichwa cha safu: "Idadi (kilo)".

Kosa la pili huja mnapogawa gharama kwa idadi ya wageni iliyoko F1. Wakiandika =D2/F1 na kuvuta chini, mstari wa pili unatafuta F2 iliyo tupu na kulalamika kwamba anagawa kwa sifuri. Waache wakwame dakika tano. Kisha onyesha =D2/$F$1, eleza kwamba alama ya dola ni msumari unaoishikilia seli isihame. Aliyekwama kwanza hataisahau.

Mwisho badili bei ya mchele iwe 3000 na wote watazame jumla zikibadilika zenyewe.

Usalama wao

Somo hili lisiachwe hadi mwisho wa mwaka. Nywila iwe maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, mfano wa ubaoni usitumiwe na mtu, na isiwe jina na mwaka wa kuzaliwa. Isipewe hata rafiki wa kitanda cha juu.

Kisha sema waziwazi kuhusu watu wanaoomba picha na kutishia kuzisambaza. Asilipe, asitume nyingine, asifute ujumbe, aandike namba, tarehe na saa, na amwambie matroni au mwalimu mlezi. Picha yenyewe isisambazwe kwa yeyote, hata kwa nia ya kuonyesha ushahidi. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bure, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inambana mkosaji. Uongozi wa shule ukubaliane kabla: msichana aliyetishiwa haadhibiwi. Ukimfukuza mmoja, wa pili hatasema kamwe.

Kwa watu wazima, mlango wa chumba unabaki wazi, hakuna mwalimu wala fundi wa kukaa na mwanafunzi mmoja peke yake, na picha za wasichana haziwekwi mtandaoni bila idhini ya wazazi.

Ratiba na mtihani

Jumamosi ongeza saa moja kwa zamu, kidato kwa kidato, chini ya mwalimu wa zamu. Usiiweke wakati wa kufua au kuteka maji, maana wasichana wa mabweni ya mbali na bomba ndio watakaokosa kila wiki.

Mtihani uwe wa vitendo, mtu mmoja, mashine moja, dakika 25, mikupuo mitatu ya watu 15: fungua folda yako, chapa barua ya mistari minane, tengeneza jedwali la vitu vitano lenye jumla, hifadhi kwa jina sahihi, geuza kuwa PDF. Swali la "eleza maana ya kompyuta" lina mahali pake kwenye karatasi ya Baraza la Mitihani (NECTA), lakini halikuonyeshi nani anaweza. Kuchapa, lenga maneno 20 kwa dakika mwisho wa mwaka kwa aliyeanza bila chochote.

Shule ikifungwa, chomoa kila plagi ukutani, si kuzima swichi tu, kwa ajili ya radi. Betri za mpakato ziachwe zikiwa nusu. Funika mashine kwa shuka, hesabu vipanya, funga daftari la mlangoni pamoja na funguo. Na fungua chumba siku mbili kabla wanafunzi hawajarudi, ili mashine zitakazogoma zigome mbele ya mafundi wanne wa muhula mpya watakaowahi kufika.